Waliokisikia Kikohozi Usiku: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Kifua Kikuu Majengo, Mombasa

Mgonjwa alikuwa fundi cherehani wa miaka 34. Alifika katika kituo chetu cha afya Jumatatu asubuhi akiwa amekohoa kwa wiki 11, na katika muda huo alikuwa amekwisha kunywa chupa nne za dawa ya kifua na dozi mbili za viuavijasumu alizouziwa katika maduka ya dawa ya mtaani. Mshipi wa suruali yake ulikuwa na matundu mawili mapya aliyoyatoboa mwenyewe kwa mkasi wa kazini, na ncha yenye yale ya zamani ilikuwa imebaki ikining'inia upande. Makohozi yake yalipimwa kwa mashine ya GeneXpert, na majibu yaliyorudi mchana yalionyesha bakteria wa kifua kikuu kwa wingi, bila usugu dhidi ya rifampisini, dawa kuu ya kutibu ugonjwa huu. Picha ya eksirei ilionyesha pango katika sehemu ya juu ya pafu la kulia. Hakuwa na VVU. Alianza kumeza dawa siku hiyohiyo, na kwa upande wake njia ilikuwa wazi. Kazi ngumu ilikuwa ni kuamua, kati ya watu wote waliovuta naye hewa moja kwa miezi karibu mitatu, tuanze na nani.

Nimebadilisha kazi yake, umri na mambo mengine ya wahusika ili wasitambulike. Mpangilio wa nyumba, idadi ya watu na makosa tuliyoyafanya nimeviacha kama vilivyokuwa, kwa sababu hivyo ndivyo vilivyonifanya niandike.

Wiki ile tulisajili wagonjwa watatu. Tulikuwa na wahudumu wawili wa afya ya jamii, mimi mwenyewe, na nauli ya bodaboda ya siku mbili. Mgonjwa wa pili, mama mmoja kutoka Tudor, alikuwa na kifua kikuu cha tezi za shingo na mapafu yake yalikuwa salama. Mtu wa namna hiyo haambukizi kwa kukohoa, hivyo jamaa zake wangeweza kusubiri. Wa tatu alikuwa mtoto wa miaka 3 kutoka Likoni, na kwake swali linageuka: hatuulizi amemwambukiza nani, tunauliza ni mtu mzima gani aliye karibu naye anayekohoa, kwa sababu mtoto wa umri huo ni nadra kuwa chanzo cha maambukizi. Familia yake tulimkabidhi mwenzetu wa upande wa pili wa feri, aifikie wiki hiyohiyo. Siku zetu mbili zikabaki kwa fundi, na sababu zake zilikuwa bayana: bakteria wengi katika makohozi, pango katika pafu, na wiki nyingi za kukohoa bila matibabu. Mgonjwa mwenye mambo hayo matatu kwa pamoja huwa ameumwaga ugonjwa hewani kuliko mwingine yeyote.

Nilikaa naye nje chini ya mwarobaini, nikamwuliza swali nililozoea kumwuliza kila mgonjwa: unaishi na nani? Akanitajia watu saba bila kusita. Mkewe mwenye mimba ya miezi mitano, binti yao wa miaka 3, mamake mwenye kisukari, mdogo wake wa miaka 17, wapwa wawili wa miaka 9 na 11 ambao hulala kwao mwisho wa juma wakitoka chuoni, yaani madrasa, na mwanagenzi wake ambaye hulala dukani lakini hula kwao mchana na usiku. Nilipomwuliza kuhusu kazini aliongeza mafundi wanne. Nilipomwuliza jioni hukaa wapi alinyamaza kidogo, kisha akasema ana maskani ambako yeye na wenzake tisa hutafuna muguka, majani ya jamii ya miraa, tangu baada ya alasiri hadi isha, katika chumba ambacho mlango hufungwa kwa sababu hawapendi kuonekana. Orodha ikawa na watu 20. Nitaonyesha huko mbele kwamba ilipaswa kuwa na watu 28, na kwamba mmoja kati ya wale wanane waliokosekana ndiye aliyepaswa kuwa wa kwanza.

Jioni ile tulibishana kituoni. Muuguzi mwenzangu, dada aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi, alitaka tuanze na duka la ushonaji. Hoja yake ilikuwa nzito na sikuichukulia kwa wepesi. Mafundi wale hukaa pamoja saa tisa kwa siku, siku sita kwa wiki, katika chumba chenye mlango mmoja wa kukunja na feni inayozungusha hewa ileile. Alinikumbusha pia kwamba katika miji yenye ugonjwa mwingi watu wazima wengi huambukizwa nje ya nyumba zao. Utafiti uliofanywa Cape Town kwa kulinganisha vinasaba vya bakteria, na kuchapishwa mwaka 2004, ulikadiria kwamba takriban asilimia 19 tu ya maambukizi ilitokea ndani ya nyumba. Kama tunatafuta mahali ambapo watu wengi wameambukizwa, alisema, twende dukani.

Mimi niliona kwamba tulikuwa na maswali mawili na tulikuwa tukiyachanganya. Swali la kwanza ni wapi maambukizi yametokea kwa wingi. La pili ni nani, kati ya walioambukizwa, ambaye siku zake za kungoja ni chache. Mtu mzima mwenye afya njema akiambukizwa ana uwezekano wa takriban asilimia 5 hadi 10 ya kuugua katika maisha yake yote, ingawa sehemu kubwa ya hatari hiyo imo katika miaka miwili ya kwanza. Mtoto mchanga hesabu yake ni nyingine kabisa. Kumbukumbu zilizoandikwa na madaktari wa zamani, kabla ya kupatikana kwa dawa, zinaonyesha kwamba karibu nusu ya watoto walioambukizwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja waliugua, na baadhi yao ugonjwa uliingia kwenye utando wa ubongo. Wengi wao waliugua ndani ya miezi kumi na miwili. Fundi wa dukani akichelewa wiki mbili kupimwa, kwa kawaida hapotezi kitu. Mtoto akichelewa wiki mbili, huenda dawa ya kinga, ile ya kumzuia aliyeambukizwa asiugue, ikawa haina kazi tena kwa sababu ugonjwa umekwisha kuanza.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2012 unafuata njia hiyohiyo: watangulizwe wenye dalili, watoto wa chini ya miaka 5, watu wanaoishi na VVU au wenye udhaifu mwingine wa kinga, na waliotangamana na mgonjwa wa kifua kikuu sugu. Tulikubaliana hivi: Jumanne nyumbani, Jumatano dukani, maskani wiki itakayofuata. Hadi leo naamini mpangilio ule ulikuwa sahihi. Kosa lilikuwa katika maana tuliyoipa neno nyumbani.

Tulikwenda bila makoti meupe na bila gari lenye maandishi. Katika mitaa yetu watu wengi bado wanaamini kwamba kifua kikuu na UKIMWI ni kitu kimoja, na mpangaji anaweza kuambiwa atafute chumba kwingine kabla hata hajamaliza dawa za mwezi wa kwanza. Mhudumu wetu wa kike alipiga hodi, akakaribishwa ukumbini, akazungumza kwanza na mama mzazi wa mgonjwa huku mimi nikisubiri barazani. Adabu hiyo ilituchukua nusu saa na ilistahili, kwa sababu mama yule ndiye aliyetufungulia nyumba nzima.

Tulipouliza dalili, kila mmoja alisema hana neno. Mdogo wa mgonjwa alisema hakohoi. Mamake akamtazama, akasema, "Mwanangu, usinitie aibu mbele ya wageni. Wewe wakohoa tangu mfungo sita, na fulana zako za kulalia nazianika zimelowa jasho." Kijana akainamisha kichwa. Alipanda pale pale juu ya orodha, akachukuliwa makohozi uani mahali penye hewa, na majibu yake yalithibitisha ugonjwa siku iliyofuata. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba karibu wagonjwa 4 kati ya 10 nchini hawakuwa wakigunduliwa. Pengine wengine ni kama kijana huyu, ambaye ukimwuliza peke yake mbele ya watu atakujibu kwamba yu mzima. Ndiyo maana sikubali mtu aondolewe kwenye orodha kwa sababu tu yeye mwenyewe amekana, ikiwa yupo mwingine wa kuulizwa.

Binti wa miaka 3 alikuwa anacheza, uzito wake ulikuwa unapanda vizuri, na hakuwa na dalili yoyote. Mtoto wa umri huo akishaonekana hana ugonjwa haihitaji kungojea kipimo cha maambukizi ndipo apewe dawa ya kinga. Alianza rifampisini na isoniazidi za kila siku kwa miezi mitatu, katika vile vidonge vya watoto vinavyoyeyuka kwenye kijiko cha maji na vyenye ladha ya matunda. Kenya ilikuwa nchi ya kwanza kusambaza vidonge vya aina hiyo nchi nzima, mwaka 2016, na anayekumbuka jinsi tulivyokuwa tukivunja vidonge vya watu wazima na kukisia vipande anajua afueni iliyokuja navyo. Bibi yake mwenye kisukari hakuwa na dalili na picha ya kifua chake ilikuwa safi. Kisukari huongeza hatari ya kuugua mara mbili hadi tatu, hivyo alipewa kinga ya dozi 12, moja kila wiki. Mke wa mgonjwa hakupewa dozi hiyo, kwa kuwa usalama wake kwa wajawazito haujathibitishwa, na uamuzi wake tuliupeleka kwa daktari wa kliniki yake ya uzazi. Wapwa na mwanagenzi walifuata bila tatizo.

Jumanne ile tuliondoka tukiwa tumeridhika. Watu saba tumewaona wote.

Siku tisa baadaye nilirudi kumletea binti dawa. Ilikuwa jioni, umeme umekatika, na katika chumba cha mgonjwa taa ya chemli ilikuwa imewashwa mezani. Nikaona mwanga wake umepita juu ya ukuta na kuangaza mabati juu ya chumba cha pili, nikainua macho. Nyumba ile ni ya Kiswahili kama zilivyo nyingi za Majengo: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma, na paa moja la mabati juu ya wote. Kuta za ndani zinaishia usawa wa kuta za nje, na juu yake hakuna dari, ni nafasi tupu hadi kwenye mabati. Hewa ya chumba kimoja ni hewa ya vyumba sita. Upande wa pili wa ukuta mtoto alikuwa analia.

Nilipiga hodi mlango wa jirani. Mama mtoto alinikaribisha, na nilipojitambulisha alisema mwenyewe kabla sijamwuliza, "Yule kaka yuwakohoa usiku kucha, mpaka mtoto ashtuka. Kuna siku natoka naye nje barazani tukalale huko." Mtoto alikuwa na miezi 10. Niliomba kijitabu chake cha kliniki. Mstari wa uzito ulipanda vizuri hadi mwezi wa nane, kilo 7.1, kisha ukalala. Alipopimwa siku iliyofuata alikuwa kilo 7.0. Mamake alisema ana homa ndogo ya jioni na kikohozi alichodhani ni cha kuota meno. Aliponiuliza, "Si alichanjwa?" akanionyesha kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, kwenye mkono wa kushoto, nilimweleza kwamba chanjo ile humkinga mtoto zaidi na ugonjwa ule mkali wa ubongo na wa kuenea mwilini, lakini haimzuii kuambukizwa.

Mtoto wa miezi 10 hatoi makohozi. Tulipima kinyesi chake kwa mashine ileile ya GeneXpert, na majibu yakawa hasi. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuichukulia hasi hiyo kuwa jibu la mwisho, ilhali watoto wenye ugonjwa huwa na bakteria wachache mno na kipimo mara nyingi huwakosa. Picha ya kifua ilionyesha tezi zilizovimba karibu na shina la pafu. Kwa kuunganisha picha, uzito uliosimama, homa, na kikohozi cha jirani kilichompitia juu ya ukuta kwa wiki 11, daktari aliamua aanze matibabu ya ugonjwa wenyewe wala si kinga. Kipimo chake cha VVU kilikuwa hasi. Baada ya miezi miwili alikuwa na kilo 8.2.

Je, tungemfikia Jumanne ile ya kwanza angekuwa bado hajaugua? Uzito wake ulikuwa umekwisha kusimama hata kabla kaka yule hajaja kituoni, hivyo siwezi kusema kwamba siku tisa zetu ndizo zilizomwuguza. Ninachoweza kusema ni kwamba kwa siku tisa mtoto mgonjwa aliishi hatua nne kutoka kwenye chumba tulichokaa tukijaza fomu, naye hakuwa katika orodha ya mtu yeyote. Mgonjwa hakutuficha. Nilimwuliza anaishi na nani, na katika Kiswahili chetu mtu anaishi na wale anaokula nao chungu kimoja. Mpangaji wa chumba cha pili ni jirani, hata kama kinachowatenga ni ukuta usiofika juu. Mwongozo wenyewe hausemi chungu. Unasema mahali pa ndani palipofungwa, usiku mmoja au zaidi, au saa nyingi za mchana, katika miezi mitatu kabla ya matibabu kuanza. Mimi ndiye niliyeipunguza maana hiyo kwa swali langu.

Kwa hiyo siku ile niliorodhesha nyumba nzima: mama yule, mtoto na mumewe dereva wa lori, wanandoa wawili wa chumba cha mkabala, mzee anayeishi peke yake, na wanandoa wengine wawili wa chumba cha nyuma. Watu 8. Na swali langu kwa wagonjwa nimelibadilisha. Siku hizi nauliza, "Usiku ukikohoa, ni akina nani wanaokusikia?" Mgonjwa hufikiri, kisha hutaja vyumba. Swali hili halifai katika nyumba za mawe za Mji wa Kale, ambako kuta ni nene na dari zipo, wala katika magorofa. Kwa nyumba za mabati za Majengo, Kisauni na Likoni, sijapata lililo bora kuliko hilo.

Dukani tulikwenda Jumatano kama tulivyopanga, na yule muuguzi alikuwa na haki kwa namna ambayo hata yeye hakuitarajia. Wakati tunaaga, fundi mmoja alinifuata nje hadi kwenye kibanda cha mkaa, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba anaishi na VVU na kwamba dawa zake ameziacha kwa miezi miwili. Kwa hesabu ya saa za kukaa pamoja alikuwa sawa na wenzake watatu. Kwa hesabu ya hatari alipaswa kuwa mbele ya watu wote 28, isipokuwa mtoto yule na kijana wa miaka 17. Hakuna fomu ambayo ingeniambia hilo, na wala sikuwa na haki ya kumwuliza mbele ya wenzake. Nilichokuwa nimefanya ni kuwaambia wote kwa pamoja kwamba mwenye ugonjwa wowote wa muda mrefu, uwe wa sukari au mwingine, anaweza kuzungumza nami faraghani. Makohozi yake yalipimwa na hayakuonyesha ugonjwa. Alirudishwa kwenye dawa zake za VVU na akaanza kinga.

Maskani ndiyo iliyotushinda zaidi. Kati ya wanaume tisa walikuja watano, wote jioni, baada ya mgonjwa mwenyewe kukubali kwenda nasi na kusema mbele ya rafiki zake kwamba ni yeye anayeugua. Sijawahi kumwomba mgonjwa jambo kubwa kuliko hilo, na singemwomba kama asingejitolea. Watano wale hawakuwa na ugonjwa. Wawili walikataa. Mmoja amehamia Malindi, na jina lake nimelipeleka kwa wenzetu wa huko.

Wa tisa ni utingo wa lori la mizigo liendalo Malaba. Wenzake walisema anakohoa tangu kabla ya mgonjwa wetu, neno ambalo hakuna aliyelitaja hadi siku ya kumi na moja, na ambalo lingemweka miongoni mwa wa kwanza katika orodha tangu Jumatatu. Huenda hata yeye ndiye aliyemwambukiza fundi. Nimempigia simu mara tatu. Mara ya mwisho alikuwa Salgaa, akaahidi kufika kituoni akirudi bandarini. Hulala kwenye kabini ya lori, madirisha yamefungwa kwa kuogopa wezi, yeye na dereva wake. Dereva nimemwandika katika orodha kuwa mtu wa 29, na vichupa viwili vya makohozi vipo mezani kwangu, kila kimoja kikiwa na jina.